Orodha ya Krismasi kwa masikio ya mwimba besi: nyota tatu

Ninachokipima hapa ni ile orodha ya nyimbo za Krismasi inayokuja imeshapangwa ndani ya programu ya muziki. Hukuipanga wewe wala hukuiomba, ila Novemba ikiingia tu inajisogeza juu kabisa ya kioo na picha yake ya mti uliojaa taa. Mwenzangu wa meza ya jirani huiwasha asubuhi kwenye kispika chake, na haizimwi mpaka watu wafunge madroo waondoke. Yeye anaipenda kweli. Mimi siku nyingine naipenda, siku nyingine naivumilia, na siku nyingine naenda kutoa kopi za karatasi ambazo hakuna aliyeziomba.

Kabla hamjaanza kunibishia, jueni kwamba mimi ni mwimba besi. Naimba sauti ya nne, ile ya chini kabisa, kwenye kwaya ya kanisa, mstari wa nyuma, pamoja na wale wanaume ambao kila mazoezi mwalimu huwaambia "nyie punguzeni". Kwa hiyo wimbo ukianza, sikio langu linashuka moja kwa moja kule chini kuangalia besi amepewa kazi gani. Na kipimo changu ni kimoja: umeme ukikatika, wimbo huu unaimbika? Huu ndio msimu ambao hata watu wasiofungua kinywa mwaka mzima huimba. Wimbo usioweza kushikwa na watu wanne waliosimama pamoja bila kinanda, kwangu una upungufu, hata kama umeuza nakala milioni ngapi.

Kwa kipimo hicho anayeongoza ni mkongwe, "Usiku Mtakatifu". Maneno yake aliyaandika padri kijana, Joseph Mohr, mwaka 1816. Mkesha wa Krismasi wa 1818, katika mji mdogo wa Oberndorf nchini Austria, akampa Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule aliyekuwa pia mpiga kinanda wa kanisa, atunge sauti za waimbaji wawili, kwaya na gitaa. Wakauimba usiku uleule: Mohr akapiga gitaa na kuimba teno, Gruber akaimba besi. Watu wakiusimulia wimbo huu hutaja gitaa, hutaja usiku, hutaja amani duniani. Hakuna anayekumbuka kutaja kwamba mtunzi wa sauti zake alikuwa besi, na ukiuimba unalijua hilo bila kuambiwa. Soprano wanapopanda kwenye ule mstari wa kulala kwa amani, mpaka fa ya juu, sisi tumekaa kwenye so, hatutikisiki. Halafu tunashuka kwenye do na kila mtu anapumua. Ni nota chache, mtoto anaweza kuzishika, lakini besi mmoja akiyumba pale kwenye so, soprano wote watamwangukia kichwani.

Tatizo ni kwamba orodha hii haina "Usiku Mtakatifu" mmoja. Inao wa saksafoni, wa kwaya ya watoto, wa gitaa tupu, na wa dada mmoja anayelichukua neno la kwanza akalizungusha kona zote mpaka ukasahau lilikuwa neno gani. Huu ni wimbo wa kubembeleza mtoto. Ukimbembeleza mtoto hivyo, hatalala.

Sasa tuje kwa adui yangu. "The Little Drummer Boy", ule wa kijana masikini mwenye ngoma, ndio unaoniudhi kuliko zote, na sababu yangu ni ya kikazi. Aliutunga Mmarekani, Katherine Kennicott Davis, mwaka 1941, na jina lake la kwanza lilikuwa "Carol of the Drum". Alivyouandika kwa ajili ya kwaya, soprano wana wimbo, alto wanawasindikiza, na teno na besi ndio ngoma. Mama yule aliwatazama wanaume wazima wenye mapafu, waliokunywa maji ya moto na tangawizi ili sauti ikae sawa, akaona ngoma. Wengine wanamsimulia Mtoto aliyezaliwa, wafalme, ng'ombe na mwanakondoo, wewe uko nyuma na pum pum. Usiseme ni rahisi. Kuimba nota ileile kwa dakika nne bila kuishusha ni kazi ngumu kuliko kupanda na kushuka, maana kila pum inataka kuporomoka kidogo, na mwisho wa wimbo kwaya nzima inakuwa imeshuka nusu hatua na anayetazamwa ni besi.

Aliyenielewa ni David Bowie, mwanamuziki wa roki wa Uingereza. Mwaka 1977 aliitwa kurekodi wimbo huu na Bing Crosby, mwimbaji mkongwe wa Marekani, kwa ajili ya kipindi cha Krismasi cha televisheni, akasema haupendi. Ikabidi watunzi wa kipindi wakae haraka wamtungie wimbo mwingine wa kupita juu ya ule wa ngoma, unaohusu amani duniani. Ndiyo maana kwenye rekodi ile mzee anapiga pum pum zake taratibu na kijana anaelea juu kwa maneno tofauti kabisa. Walirekodi Septemba, Oktoba Crosby akafariki, hakuwahi kuona kipindi chenyewe kikirushwa. Hiyo ndiyo namna pekee ya wimbo huu ninayoikubali, na orodha imeificha chini kabisa, baada ya namna nyingine za ngoma ileile.

Mariah Carey nitamjadili kwa urefu kwa sababu orodha nzima inamzunguka yeye. "All I Want for Christmas Is You" ndio wimbo wa kwanza ukiiwasha, na ukibonyeza kitufe cha kuchanganya nyimbo, cha ajabu, bado utakuwa wa pili au wa tatu. Aliutunga na Walter Afanasieff, ukatoka 1994, lakini namba moja ya chati ya Billboard Hot 100 aliipata Desemba 2019, miaka 25 baadaye. Hebu msikilize bila kinyongo, kama mara ya kwanza. Unaanza na kengele ndogo peke yake, kama kisanduku cha muziki cha mtoto. Halafu sauti inaingia bila mdundo, inajivuta, huwezi kucheza wala kupiga makofi, umekaa tu unasubiri. Karibu dakika nzima inapita hivyo. Ndipo piano inapogonga na wote wanakimbia. Kuna mahali pengine napenda kupaonyesha watu: pale anaposema hajali zawadi zilizo chini ya mti, kinanda kinachomshikilia kinaishusha nota ya la kwa nusu hatua. Nusu hatua tu! Furaha yote inaingiwa na kivuli kwa sekunde mbili, kisha inaendelea na safari. Aliyeiweka nota ile alijua anachokifanya, na ndiyo inayofanya wimbo usikinai haraka unavyostahili kukinai.

Unaimbika? Hapo ndipo ugomvi. Ofisini kwetu kila mtu huuanza. Mhasibu huuanza, mlinzi huuanza, bosi huuanza akidhani hatumsikii. Mstari wa kwanza uko chini, wa starehe, unamdanganya kila mtu kwamba na yeye anaweza. Wanakwenda vizuri mpaka zinapofika zile nota za juu, na hapo ghafla watu wote wanakumbuka kwamba wana barua pepe za kujibu. Wimbo umetungwa kwa koo moja tu duniani na sisi wengine tumealikwa kujaribu kila mwaka. Nikiwa nimelala vizuri naona ni ukarimu. Nikiwa sijalala naona ni dharau.

"Last Christmas" wa Wham! unavunja kanuni zangu zote na bado naupenda. Krismasi humo ni tarehe tu; habari yenyewe ni ya mtu aliyempa mwingine moyo na kesho yake moyo ukagawiwa kwingine. Ungeweza kuwekwa Pasaka. George Michael aliurekodi London mwezi Agosti 1984, akapiga ala zote mwenyewe, mpaka njuga akazitikisa yeye. Na besi inazunguka do, la, re, so, do, la, re, so, toka mwanzo mpaka mwisho, bila kwenda popote. Kwa jinsi nilivyomsema mama wa ngoma ningepaswa kuuchukia. Lakini zile nota nne zinatembea, na kwenye kutembea besi anapata heshima yake. Tumewahi kuuimba baada ya mazoezi wakati mwalimu ameshaondoka, na wale wazee wa teno walikuwa wanajua ubeti wa pili wote, jambo lililotushangaza wengi.

Kuna mchezo watu wanaucheza duniani kote, unaitwa Whamageddon: kuanzia tarehe 1 Desemba unatakiwa uepuke kuusikia wimbo huu mpaka tarehe 24 iishe. Ukiimbwa na mtu mwingine haihesabiwi, ni ule wa Wham! wenyewe tu. Ukiwa na orodha hii ofisini usijisumbue kujiandikisha. Utatoka siku ya kwanza, kabla ya chai.

Mwaka uleule wa 1984 "Last Christmas" ulikwama namba mbili Uingereza, na uliouzuia ni "Do They Know It's Christmas?" wa Band Aid, ambao George Michael mwenyewe aliuimba pamoja na wenzake. Bob Geldof na Midge Ure waliutunga kuchangisha fedha za njaa ya Ethiopia, ukarekodiwa Novemba 25 na ukakusanya mamilioni ya pauni. Wham! nao walitoa mapato ya wimbo wao kwa ajili ya njaa ileile. Nia sina neno nayo. Nina neno na maneno. Wanasikitika kwamba Afrika haitakuwa na theluji Krismasi ile, na Kilimanjaro iko palepale na barafu yake kileleni. Wanasema hakuna mto unaotiririka, wakati Nile ya Buluu inaanzia Ethiopia hiyohiyo. Halafu wanauliza kama watu wale wanajua kuwa ni Krismasi. Ethiopia iliupokea Ukristo karne ya 4, wakati sehemu kubwa ya Ulaya ilikuwa bado haijaupokea; wanasherehekea Januari 7 kwa kalenda yao, wanafunga kabla yake na wanakesha kanisani. Wanajua. Kinachouma zaidi ni kwamba kiitikio cha mwisho kinaimbika vizuri mno, kina sauti nne safi, na mdomo wangu huwa umeshajiunga kabla akili haijaukataza. Umerekodiwa upya 1989, 2004 na 2014, na orodha, kwa wema wake, imeweka zaidi ya mmoja.

Nyimbo za theluji kwa ujumla zilikuwa zikinichosha, mpaka nilipojua zilitungwa wapi. "Let It Snow" na "The Christmas Song", ule wa njugu zinazochomwa motoni, vyote viwili viliandikwa Julai 1945 huko California, watunzi wakitokwa jasho. "White Christmas" wa Irving Berlin una ubeti wa kufungulia ambao karibu kila mwimbaji anauruka, na ndio unaoeleza kila kitu: mtu yuko Beverly Hills, jua linawaka, majani ni mabichi, anatamani kuwa kwingine. Ukiujua ubeti ule, wimbo unaacha kuwa tangazo la hali ya hewa unakuwa wa mtu aliye mbali na kwao. Mtoto mchanga wa Berlin alifariki siku ya Krismasi mwaka 1928. Sisemi wimbo ni wa mtoto huyo, yeye hakuwa mtu wa kujieleza, lakini nikiusikia siwezi kulisahau.

Uimbe taratibu uone ulivyo mgumu: mi, fa, mi, ri, mi, kisha fa, fi, so (ri ni re na fi ni fa, zikiwa zimepandishwa nusu hatua). Unapanda kwa nusu hatua kama mtu anayetafuta swichi gizani, na ukikosa moja tu umepotea. Crosby aliuimba 1942 kana kwamba anazungumza na mtu mmoja chumbani. Ule tunaousikia kwa kawaida ni wa 1947: bamba la kwanza lilichakaa kwa kutolewa nakala nyingi, ikabidi warudi studio na okestra ileile waurekodi upya. Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, wanaukadiria kufikisha nakala milioni 50. Na sauti ya Crosby iko chini, chini kabisa, karibu na nyumbani kwangu. Nyota tano, bila majadiliano.

"Jingle Bells" sina mengi. James Lord Pierpont aliuchapisha 1857, hautaji Krismasi hata mara moja, unahusu vijana wanaokimbiza gari la farasi kwenye theluji na kupinduka nalo. Desemba 1965 wanaanga wa Gemini 6 waliupiga kwa kinanda cha mdomo na njuga wakiwa angani, ukawa wa kwanza kupigwa huko. Hata huko haukuwaacha watu wapumue.

"The Twelve Days of Christmas" unaimbika na watu wanne, unaimbika na watu arobaini, umeme uwepo usiwepo. Kwa kipimo changu ulipaswa kupata tano. Nimeupa moja. Ulichapishwa Uingereza mwaka 1780, na kila siku mpenzi analeta zawadi mpya pamoja na zote za nyuma. Ukijumlisha zinafika 364, na nyingi ni ndege. Hakuna anayeuliza nani anafagia. Ukifika siku ya tano, pale wote wanapotanua kifua kwa pete za dhahabu, unajiona uko mwisho, kumbe zimebaki saba. Nimewaona waimbaji hodari wakitazamana pale kwa macho ya kuomba msaada.

Boney M. ndio walioiokoa orodha hii. "Mary's Boy Child" ni wa Jester Hairston, Harry Belafonte akauimba 1956, polepole na kwa upole. Mwaka 1978 Boney M. wakauongezea "Oh My Lord" na mdundo wa disko, ukawa namba moja Uingereza Krismasi ile. Wimbo huu ukianza kwenye kispika, hata wale wanaojifanya hawana habari na msimu wanaanza kugonga kalamu. Unaimbika? Mpaka umwombe mtu aache. Jambo linaloniuma ni dogo: ile sauti ya kiume kwenye rekodi za Boney M. ni ya Frank Farian, mtayarishaji wao, akiwa studio, wakati jukwaani Bobby Farrell anacheza na kuchezesha midomo. Sisi wa chini tumezoea kusimama nyuma, lakini kuwekewa kabisa mtu mwingine mbele ni jambo jingine.

"Feliz Navidad" wa José Feliciano, 1970: maneno yote yanaenea kwenye bahasha, dakika mbili tatu kila mtu anayajua, gitaa linachangamka, unaisha kabla hujauchoka. Wengine wangejifunza hapo. Paul McCartney kwa mfano, ambaye "Wonderful Christmastime" wa 1979 aliufanya peke yake na sinthesaiza, na unasikika hivyohivyo, kama mtu aliyeachwa peke yake na sinthesaiza.

Sasa kasoro za orodha yenyewe, maana nyimbo si kosa la programu. Kwanza, imewekwa ili wimbo mmoja uingie juu ya mwisho wa mwingine. Kwa disko sawa. Kwa kwaya ni uharibifu: ule mlio wa mwisho wa sauti zote pamoja, ambao watu wamehangaika kuulinganisha mpaka ukatulia, ndio hasa unaokatwa, na njuga za wimbo unaofuata zinaupita juu. Mpangilio huo unazimika, nendeni kwenye sehemu ya uchezaji muutafute. Pili, sauti hazilingani. Crosby wa 1947 ananong'ona, unaongeza sauti, halafu anafuata kijana wa juzi na ngoma zake unaruka kwenye kiti. Nayo ina kitufe chake cha kusawazisha, ila kinakuja kikiwa kimezimwa. Tatu, kama hulipii, tangazo la mikopo linaingia katikati ya wachungaji na malaika. Na nne, orodha ikiisha haiishi. Inaendelea yenyewe na "nyimbo zinazofanana", na huko ndiko nilikousikia "Usiku Mtakatifu" wenye mdundo wa klabu.

Nyota tatu. Moja ya Crosby, moja ya Gruber, moja ya Boney M. Mwenzangu anasema mimi ni mchoyo, kisha akanionyesha kwamba kuna kitufe cha kuficha wimbo usioutaka, usiletwe tena. Nilikibonyeza palepale kwa kijana wa ngoma. Programu ikashukuru kwa maoni yangu, ikaniletea kijana yuleyule, safari hii na magitaa ya umeme.